Hewa Iliyolala Kwenye Lundo la Babu

3 Machi

Kijiko, mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo kabisa, na hata ningekuwa na jambo nisingekuandikia, maana wewe ukisikia Babu kakohoa unapigia simu majirani wote. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la pili na ilinitosha. Wenye digrii wanaandika kwa mashine, mimi kwa kalamu. Sasa nani zaidi?

Habari kubwa: nimenunua feni ya umeme ya kupulizia tanuru. Ukiiwasha inalia vuuuu, moto unageuka mweupe, aluminiamu inayeyuka kabla sijamaliza kuvaa glavu. Juzi asubuhi nilitia injini nzima ya pikipiki, mchana nimeimimina kwenye kalibu ya mchanga, nimeisubu, ni sufuria. Hakuna msubu sufuria katika mtaa huu wala mitaa ya jirani aliyewahi kuwa na moto wa namna hii. Watu wanakuja kutazama. Nawaambia wasimame mbali.

Sasa kuna jambo la Mvukuto. Unamkumbuka, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyenivutia mivukuto ya ngozi ya kupulizia tanuru tangu mama yako hajazaliwa, mpaka jina lake la kweli likapotea. Feni ilipofika nilimwambia, "Ndugu yangu, sasa pumzika, umeme utapuliza." Mtu mwingine angeshukuru. Yeye aliitazama feni, akaitazama mikono yake, akasema, "Haya." Akaondoka bila kumaliza chai.

Basi tangu hapo mvua ikinyesha, lundo langu la mavi ya aluminiamu linanuka mkojo. Yale makoko ninayoyaengua juu ya chungu na kuyamwaga karibu na ukuta wake, unayajua. Si mkojo wa paka huo. Ni mkojo wa mtu mzima mwenye kinyongo. Unapanda mpaka machoni, machozi yanatoka. Na nimekiona kichwa chake nyuma ya lundo, asubuhi, kimetulia tuli. Mtu mzima kasimama nyuma ya lundo, haongei, hatikisiki. Anafanya nini, kama si hicho ninachosema?

Nilimwuliza bombani, watu wamejaa na ndoo zao. Nikasema, "Mvukuto, kama feni imekuudhi niambie kwa mdomo, usinikojolee lundo." Watu wakacheka. Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini. Mvukuto alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda. Asiye na kosa si angejitetea?

Ule mlango mdogo wa uani, wa kutoka kwake kuja kwangu, nimeuziba. Nimeweka pale injini ya lori, ile ya aluminiamu tupu niliyokuwa nikiitunza. Wabeba mizigo walihema kama wanazaa. Sasa akitaka kuja azungukie barabarani kama mgeni.

Kula vizuri. Huko maabara usikubali mtu aguse vyombo vyako.

Ni mimi babu yako,
Fundi Mkuu wa Sufuria, Mwenye Feni


19 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma tena nimekaa. Hongera kwa feni.

Hujawahi kuniuliza ninafanya nini huku, ila najua unataka kujua. Chumba chetu ni kirefu, cheupe, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Katikati kuna tanuru dogo, umbo lake ni la bomba. Natia humo asidi ya boroni pamoja na urea, hiyohiyo ya mbolea wanayomwaga mashambani. Napitisha gesi ya amonia taratibu, na moto unapanda polepole, kutwa. Hakuna anayeona kinachotokea mle. Boroni na naitrojeni zinatafutana, zinashikana mikono, zinajipanga tabaka juu ya tabaka kama karatasi. Bomba likipoa natoa unga mweupe. Unaitwa nitridi ya boroni. Ni laini, Babu. Ukiusugua kati ya vidole unakuteleza kama ndoto unayojaribu kuikumbuka. Nauchota kwa kijiko kile ulichonisubia nilipokuwa mdogo.

Lakini unga wangu bado haujaiva sawasawa. Ukikaa kwenye unyevu unaanza kunuka. Wiki iliyopita mwangalizi wa jengo alikuja na fundi bomba, wakafungua vyoo vyote vya ghorofa yetu wakitafuta kinachovuja. Niliwashikia tochi. Walipoondoka ndipo nikafungua kopo langu la unga kabatini, na harufu ilikuwa ni ileile ya choo. Sijawaambia. Naona aibu.

Sasa nina maswali mawili tu, usinikasirikie. Kabla ya feni, lundo lilikuwa linanuka? Na je, ulimwona Mvukuto akikojoa, au uliona kichwa?

Wako,
Kijiko


2 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Barua yako nzuri ila ina maswali ya kipolisi. Niliona kichwa. Kichwa hakitembei peke yake, chini yake kuna mtu mzima na kibofu chake. Na kabla ya feni lundo halikunuka hata siku moja. Umeona? Umenisaidia mwenyewe. Feni imekuja, wivu umekuja, harufu imekuja. Nafaa kuwa hakimu.

Unapika mbolea kutwa nzima upate unga wa kuteleza kidoleni? Mimi kwa moto wa kutwa nzima nakupa sufuria za mtaa mzima na mifuniko yake. Lakini sikukatishi tamaa, ndiyo kwanza unaanza.

Mchana huwa nafumba macho kidogo karibu na tanuru. Si usingizi, ni joto tu. Juzi nilifumba, nikaona aluminiamu imejaa ua wote, inang'aa kama maziwa, imenifika magotini na haiunguzi. Sufuria zinaelea juu yake, zingine nilizisubu kabla hujazaliwa. Mvukuto yuko ng'ambo, anavuta mivukuto, na kila akivuta ua wote unapanda na kushuka, unapumua. Nikamwambia, "Punguza." Akapunguza. Nilipofumbua macho ilikuwa feni tu, vuuuu. Feni haijui kupunguza. Inajua kuwaka na kuzima, basi.

Sufuria kadhaa zimetoka na matundu. Ni mchanga, mchanga wa siku hizi si mzuri.

Chai nachemsha ya watu wawili kwa sababu birika ni kubwa. Ile mivukuto bado inaning'inia ukutani. Ngozi yake naipaka mafuta, si kwa sababu yoyote, ngozi ikikauka inakaribisha panya.

Muuza mkaa ananiambia binti yake Mvukuto anakuja mwisho wa Mei kumchukua moja kwa moja akaishi naye mjini. Safi sana. Atatuachia hewa.

Babu yako,
Fundi Mkuu, Hakimu wa Ua Wake


6 Aprili

Binti,

Hujambo? Ni mimi jirani wa babu yako. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha. Feni yake iliipeperusha ikavuka ukuta ikatua kwangu. Ndiyo zawadi pekee niliyopata kwa ile feni.

Nakuandikia na nakuomba usimwambie. Mimi sikukojolea kitu cha mtu. Nina choo. Kina mlango na komeo.

Nyuma ya lundo huwa naenda kutazama moto. Miaka yote nilikuwa nikitazama mkono wa babu yako, maana ndio uliokuwa ukiniambia niongeze au nipunguze. Moto wenyewe sikupata nafasi ya kuutazama. Sasa nafasi ninayo. Nasimama pale wakati wa asubuhi, joto linanifika usoni, nikifumba macho naona kama bado naupuliza mimi. Basi. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Bombani siendi tena mchana. Nikipita watoto wanaziba pua, na wakubwa wanajifanya hawaoni. Binti yangu ana chumba cha kunipa. Ni ghorofani, hakuna ua, hakuna moto. Sitaki kwenda. Lakini mtu huishije mahali ambapo akipita watu wanaziba pua? Nimefunga masanduku. Babu yako angesema neno moja mbele ya watu walewale waliocheka, ningeyafungua siku hiyohiyo. Ila namjua. Chuma kitanyooka, yeye hanyooki.

Jicho lake la kushoto linamtoka machozi sana siku hizi. Ni ule upande unaokabili feni. Mwambie ajikinge. Usiseme umelisikia kwangu.

Jirani yenu,
Mvukuto


21 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Tulia kwanza, kaa kwenye kile kigoda chako, halafu usome hadi mwisho kabla hujaanza kunijibu kwa sauti.

Hewa tunayovuta, sehemu kubwa yake ni naitrojeni. Ni gesi mvivu hiyo. Inazunguka dunia nzima, inaingia vifuani mwetu na kutoka, haigombani na mtu wala haioani na kitu. Moto wa mivukuto haukuwahi kuiamsha. Moto wa feni umeiamsha. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi, makoko yake yanaendelea kuungua yenyewe hata ukishayamwaga. Si umeyaona yanavyowaka mekundu pale lundoni? Hapo ndipo yanapoimeza naitrojeni. Inakuwa nitridi ya aluminiamu, ndugu wa unga wangu. Hewa inalala humo ndani ya lundo, kimya, imejifunika gubigubi. Mvua ikinyesha maji yanaifunua, nayo inaamka ikiwa amonia. Na amonia, Babu, ndiyo inayonuka kwenye mkojo uliokaa.

Hakuna aliyekojoa. Umeikamata hewa, ikakutoroka.

Najua hutaniamini. Basi jaribu mwenyewe. Chukua makoko ya feni, makavu, yaliyopoa kabisa, ujazo wa kikombe kimoja. Tia kwenye kopo, liweke Mvukuto asipofika, hata uvunguni mwa kitanda chako, na ufunguo mfukoni. Kesho yake mimina maji safi, kisha ungoje. Usilizibe kopo, uwe mbali na moto, na dirisha uache wazi. Tafadhali, dirisha.

Nilimwendea mwangalizi wa jengo. Nikamwambia mbele ya fundi bomba, "Ile harufu ya juzi ilikuwa yangu." Nilidhani watanicheka. Na kweli walinicheka. Sasa kila nikipita wananisalimia, fundi bomba ananiita Mama Choo.

Nakutumia kopo la unga, safari hii umeiva. Ukoroge na maji, upake kwenye upawa wako, uukaushe vizuri motoni. Aluminiamu haitashika. Na tafadhali ukae mbali na upepo wa feni, hilo jicho la kushoto litaharibika.

Wako,
Kijiko


5 Mei

Kijiko, mtoto wa juzi,

Marahaba. Unifundishe mimi aluminiamu? Mimi niliyeiyeyusha mama yako akiwa mgongoni mwa bibi yako? Niliamua kufanya hilo jaribio lako ili nikuumbue, nikuandikie barua ndefu ya kukuumbua.

Nikatia makoko kwenye kopo, nikalilaza uvunguni, nikafunga mlango. Kesho yake nikamimina maji ya kunywa. Ulisema dirisha wazi. Mimi sipangiwi dirisha. Nikakaa kitandani nangoja. Mwanzo kimya. Halafu kopo likaanza kunong'ona, vipovu vidogovidogo, kama mtu anayeongea usingizini. Halafu, mjukuu wangu, chumba changu mwenyewe, nilichokifunga mwenyewe, kikanuka kama choo cha stendi. Nilitoka na shuka mabegani. Na sikukojoa mimi mle ndani. Nasema hivyo kwa sababu nawe unapenda maswali.

Nikasimama uani, machozi yananitoka, ya amonia. Ndipo nikaikumbuka barua yako. Nilikuandikia macho. Sikuandika jicho. La kushoto nani kakwambia? Mtu mmoja tu hapa duniani anaweza kujua, maana kushoto kwangu ndiko alikokuwa akikaa na mivukuto yake miaka yote, na upande huo sasa hakuna mtu, kuna feni. Nimemtukana mbele ya watu, naye kakaa akiwaza jicho langu. Mtu mjinga sana yule.

Nilichukua kopo jipya, makoko mapya, nikaenda bombani wakati wa foleni. Bomba liko mbele ya dirisha lake, unalijua. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nikasema kwa nguvu, "Nyie mliocheka siku ile, sogeeni." Nikamimina maji ya bomba, mbele yao. Likanong'ona. Muuza mkaa akaingiza pua, akaruka nyuma.

"Mzee, huu si mkojo?"

"Wa nani?"

"Wa... Mvukuto?"

"Mvukuto unamwona hapa? Umemwona akikojoa? Huu ni wangu! Nimeutengeneza mimi, kwa moto wangu, kwa hewa ya bure. Kuna fundi mwingine hapa duniani anayetengeneza mkojo bila kukojoa? Mtajeni!"

Wakalisogelea kopo.

"Basi na lundo lile ni langu, na harufu yake ni yangu, tangu siku ya kwanza. Na atakayeziba pua Mvukuto akipita, nitamsubu masikio."

Mama mmoja akasema, "Kwa hiyo Mzee unaomba radhi?" Nikamwambia ateke maji aende. Sikuomba radhi. Nilikuwa naeleza sayansi. Sijui kama dirishani palikuwa na mtu. Pazia lilitikisika, lakini huenda ni upepo.

Jana niliitoa ile injini ya lori mlangoni. Peke yangu! Wabeba mizigo walihema kuiweka, mimi nimeitoa kwa kamba moja, na umri huu. Mwanzo ilikataa kabisa. Nikavuta nimefumba macho. Halafu ghafla ikawa nyepesi, ikateleza kama imepakwa ule unga wako. Nguvu ilitoka wapi sijui. Ndio mimi huyo.

Babu yako,
Fundi Mkuu wa Sufuria, Mtengeneza Mkojo kwa Hewa


9 Mei

Binti,

Nilikuwa dirishani. Nilisikia yote, mpaka pale pa masikio. Nilikaa kitandani nikacheka, halafu nikaendelea kukaa.

Kesho yake wakati wa mchana nikasikia mtu anahema upande wa pili wa mlango wa uani. Nikaenda, nikaweka bega kwenye ile injini, nikasukuma. Nilisukuma mpaka ikasogea. Mlango ulipofunguka nikamkuta babu yako ameanguka kitako, kamba mkononi, ananitazama kama nimetoka mbinguni.

Akasema, "Umeona nilivyoivuta?"

Nikasema, "Nimeona."

Akasema, "Chai ipo. Birika ni kubwa."

Hajaomba radhi. Masanduku nimeyafungua. Binti yangu nitamweleza akifika, sijui nianzie wapi, labda kwenye hewa.

Mvukuto


6 Juni

Kijiko, mjukuu wangu,

Binti yake Mvukuto alikuja na gari. Alirudi na sufuria tatu na mifuniko yake, baba kabaki. Alimwuliza, "Baba, umekosa nini kwangu?" Mvukuto akamjibu, "Moto."

Feni haina kazi sasa. Nawaambia watu umeme wa mtaa huu ni mbovu. Taa inawaka, lakini hakuna anayenibishia. Nimeifuta mwenyewe kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, imetulia, nzuri kuitazama.

Ile injini ya lori tuliiyeyusha kwa mivukuto. Ilichukua muda. Nilimwambia punguza, akapunguza. Unga wako niliupaka kwenye upawa, na kweli aluminiamu ilimwagika yote, haikuacha hata tone, kama haikuwahi kukaa mle. Unga mzuri. Nimewaambia watu mjukuu wangu kaupika kwa ufundi alioutoa kwangu. Kilichobaki chunguni nikamsubia Mvukuto chombo cha uvunguni, kina mkono na mfuniko. Nikamwambia, "Sasa huna kisingizio." Kapanda maua ndani yake, kakiweka dirishani kwake, hukohuko mbele ya bomba.

Sufuria hazina matundu. Mchanga umekuwa mzuri tena.

Jana mchana mvua ilinyesha. Moto tulikuwa tumeshauzima, tumekaa chini ya bati, yeye kushoto kwangu. Nilifumba macho. Sijui kama nililala. Ua ulikuwa ukipanda na kushuka, au ni kifua changu, au ni yeye alikuwa bado ameshika mivukuto bila kujua. Matone yakalifikia lundo, likaanza kunong'ona, na ile harufu ikaja, ila hafifu, ya mbali, kama inaaga.

Mvukuto akasema, "Ya nani hiyo?"

Nikasema, "Yangu."

Babu yako